Kuumwa na nyoka: Kwa nini mitishamba huonekana kuponya, na kwa nini mgonjwa afikishwe hospitalini mapema

Kijana anayechunga mbuzi akikanyaga moma kwenye nyasi, familia yake huwa na dakika chache tu za kuamua: apelekwe hospitalini moja kwa moja, au apitishwe kwanza kwa mganga mwenye mizizi na jiwe jeusi? Uamuzi huo unaweza kumwokolea mguu au kumpotezea, na wakati mwingine ndio unaoamua uhai wake.

Swali hili si la wakazi wa Mashuuru, Magadi na Loitokitok peke yao. Kitengela, nyumba mpya zinajengwa kwenye nyanda ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa malisho. Marundo ya mawe ya ujenzi, vichaka katika ploti zisizojengwa na takataka huwavutia panya, nao panya huwavutia nyoka.

Mwezi Juni 2017, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Shirika hilo linakadiria kwamba kila mwaka kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani hufa kwa kuumwa na nyoka, na wengine karibu mara tatu ya idadi hiyo hukatwa viungo au kubaki na ulemavu wa kudumu.

Utafiti unaofanywa jirani na Ngong

Katika Msitu wa Oloolua, upande wa Karen unaopakana na Ngong, ipo Taasisi ya Kenya ya Utafiti wa Nyani (KIPRE), iliyoanzishwa mwaka 1960 na Louis Leakey. Jina lake linataja nyani, lakini leo ina pia kituo cha utafiti wa nyoka, kinachoshirikiana na Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Liverpool, Uingereza. Hapo hufugwa nyoka waliokamatwa sehemu mbalimbali za Kenya, na sumu yao hukamuliwa: nyoka huumishwa utando uliofunika chombo cha kioo, na matone ya sumu huanguka ndani.

Sumu hiyo huwasaidia watafiti kujua mambo mawili: inaharibu nini mwilini, na ni dawa ipi inayoweza kuizuia.

Sumu si ya aina moja

Moma, yule nyoka mnene, mzito na mvivu wa kuondoka njiani, ana sumu inayokula nyama. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyovunja kuta za mishipa midogo ya damu. Mguu huvimba, hutoa malengelenge, na baadaye nyama hugeuka nyeusi na kufa.

Swila anayetema mate ana sumu inayoua nyama pia, na mate yake yakiingia machoni yanaweza kupofusha. Wakati mwingine huingia nyumbani usiku akiwafuata panya, akamuuma mtu aliyelala sakafuni.

Koboko, nyoka mrefu mwembamba ambaye mdomo wake ni mweusi ndani, hushambulia mishipa ya fahamu. Jeraha lake linaweza kuwa dogo na lisivimbe sana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kope za mgonjwa huanza kulegea, hushindwa kumeza, kisha misuli ya kupumua husimama.

Kuna pia sumu zinazozuia damu kuganda. Kipimo chake ni rahisi: damu kidogo huwekwa katika chupa safi ya kioo na kuachwa dakika 20 bila kuguswa. Isipoganda, daktari anajua kwamba sumu imeingia kwenye damu.

Kingasumu ni nini?

Kingasumu ndiyo dawa iliyothibitishwa ya kuzuia sumu ya nyoka. Farasi au kondoo hudungwa kiasi kidogo cha sumu kwa muda mrefu, na mwili wake hujitengenezea kinga. Kinga hiyo hutolewa kwenye damu yake, husafishwa na kuwekwa katika chupa. Ikiingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa, huishika sumu inayozunguka mwilini na kuizuia isiendelee kuharibu.

Dawa hii ina masharti mawili. Kwanza, ni lazima iwe imetengenezwa kwa sumu ya nyoka anayehusika au inayofanana nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba baadhi ya kingasumu zilizokuwa zikipatikana Kenya zilikuwa dhaifu mbele ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki. Hii ndiyo sababu watafiti hukamua nyoka wa hapa na kupima dawa zinazoagizwa kutoka nje. Pili, kingasumu inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali wa ghafla, kwa hiyo hutolewa na wahudumu wenye vifaa vya kumwokoa hali hiyo ikitokea. Si dawa ya kujidunga nyumbani.

Watafiti wanatafuta pia dawa ya kumeza ambayo mgonjwa angepewa kabla ya kufika hospitalini. Mojawapo ni unithioli, dawa ya zamani ya kuondoa madini yenye sumu mwilini. Vimeng'enya vya nyoka kama moma hutegemea madini ya zinki. Yakiondolewa, vimeng'enya hivyo hushindwa kufanya kazi. Usalama wake ulijaribiwa Kilifi kwa watu wazima 64 wenye afya. Hatua hiyo ni ya mwanzo, na bado si dawa ya nyoka ya kununuliwa dukani.

Mbona wengine hupona kwa mizizi?

Karibu kila kijiji kina mtu aliyeumwa na nyoka, akapakwa majani au kuwekewa jiwe jeusi, akapona. Ushuhuda huo si uongo. Maelezo yake yako katika hesabu.

WHO inakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, lakini wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na 2.7. Wengine, nusu au zaidi, wameumwa na nyoka asiye na sumu, au mwenye sumu ambaye hakuitoa. Watu hao wangepona hata wasipopewa kitu chochote. Akiwekewa jiwe, sifa huenda kwa jiwe. Jiwe lenyewe mara nyingi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa, na uchunguzi wa maabara haukuonyesha kwamba linaondoa sumu mwilini.

Kuhusu mimea, watafiti wa Kenya hawajaipuuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha mimea ambayo Wakamba na Waluo hutumia kwa aliyeumwa na nyoka. Baadhi ya mimea ya aina hii ina tanini, ile inayogeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi ya viatu. Tanini hushika protini, na sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini. Kwa hiyo ndani ya chupa ya maabara mmea unaweza kweli kuidhoofisha sumu.

Lakini katika majaribio mengi, sumu na maji ya mmea huchanganywa kwanza, kisha panya hudungwa. Porini, nyoka humdunga mtu kwanza. Sumu ikishaingia ndani ya msuli, majani yaliyopakwa juu ya ngozi hayaifikii. Mpaka leo hakuna mmea uliothibitishwa kwa wagonjwa kwamba unaweza kuchukua nafasi ya kingasumu.

Hili si kuidharau mitishamba. Dawa kuu ya malaria ilitokana na mmea, na mtafiti wa China Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila mmea huo ulipimwa, ukajulikana kiini chake na kipimo chake. Mizizi ya nyoka bado haijafika hapo.

Nyama iliyokufa hairudi

Kingasumu huzuia uharibifu usiendelee. Haifufui nyama iliyokwisha kufa. Anayechelewa siku mbili au tatu hukutana na daktari wa upasuaji. Nyama iliyooza huondolewa, na kidonda kikishakuwa safi na chekundu, tabaka jembamba la ngozi huchukuliwa, mara nyingi kutoka paja la mgonjwa mwenyewe, na kupandikizwa pale.

Ngozi hiyo hukubalika kwa sababu ni yake. Ngozi ya mtu mwingine, hata ya ndugu, kwa kawaida hushambuliwa na chembe za kinga za mwili na kukataliwa. Kwa hiyo kidonda kikiwa kikubwa sana, ngozi ya kukifunika huwa haba, na mtoto anaweza kulazwa kwa wiki nyingi. Kuwahi hospitalini ndiyo njia ya kuepuka yote hayo.

La kufanya mtu akiumwa

- Aondolewe karibu na nyoka, atulizwe na asitembee. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe.
- Pete, bangili, shanga, viatu na nguo za kubana vitolewe kabla uvimbe haujaanza.
- Asifungwe kamba. Kamba hukata damu, na mguu wenye sumu ya moma huharibika haraka zaidi.
- Asichanjwe wembe, asinyonywe jeraha, asiwekewe jiwe wala umeme.
- Akitemewa machoni, yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha aende hospitalini.
- Akitapika au akilegea, alazwe kwa upande wa kushoto.
- Nyoka asifuatwe. Maelezo ya rangi na umbo lake, au picha iliyopigwa kwa mbali, yanatosha.
- Apelekwe kwa gari lolote lililo karibu. Boda boda pia hufaa: mgonjwa hukaa katikati, na mtu mwingine humshika kwa nyuma.
- Hata akionekana mzima, akubali kubaki akiangaliwa kwa saa 24.

Usiku, tochi na viatu vilivyofunika mguu huzuia mengi. Kulala kitandani ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri huzuia mengine.

Kila familia imuulize mapema mhudumu wa afya wa kijiji chake ni hospitali ipi iliyo karibu yenye kingasumu, na iweke nambari ya mwenye gari au pikipiki anayepatikana usiku. Waganga wa kienyeji nao wana nafasi yao, kwa kuwa mara nyingi wao ndio huona mgonjwa wa kwanza. Mganga anayempandisha mgonjwa pikipiki saa ile ile kuelekea hospitalini amemsaidia kuliko mzizi wowote alio nao.