Aliyeondolewa kombeni aende wapi?

Siku ya kufa nyani, walisema wahenga, miti yote huteleza. Nami niliiona siku hiyo, mpenzi msomaji, katika kiwanja cha saruji cha shule moja niliyofundisha miaka mingi iliyopita. Timu yetu ya mpira wa vikapu ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Zilisalia sekunde chache, na kijana wetu wa kidato cha nne akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga chuma. Wa pili ulizunguka juu ya ukingo wa kikapu, kisha ukaangukia nje. Kipenga kikalia. Mashindano yalikuwa ya mwondoano, na kwa hivyo maandalizi ya mwaka mzima yakakatika papo hapo.

"Umetuponza," nilimwambia mbele ya wenzake. Hakujibu. Aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, na tangu siku ile sikumwona tena akishika mpira.

Neno hilo limenisuta kwa muda mrefu. Hunirudia kila Februari, wakati vilabu vya wanaume vya mpira wa vikapu nchini Uhispania vinapowania Copa del Rey, yaani Kombe la Mfalme. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1933. Katika enzi ya Jenerali Franco yalibeba cheo chake yeye, na tangu 1977 yamekuwa ya mfalme.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleweka. Timu nane hukusanyika katika mji mmoja kwa siku nne. Robo fainali huchezwa Alhamisi na Ijumaa, nusu fainali Jumamosi, na fainali Jumapili. Anayeshindwa mara moja hufunga virago. Michezo ni saba tu, na katika kila mchezo timu moja huaga. Bingwa mwenyewe hucheza mara tatu pekee.

Waama, mwondoano una utamu ambao ligi haina. Real Madrid na Barcelona ni majabali ya mchezo huu, na kila kimoja kimelitwaa kombe hilo zaidi ya mara 25. Hata hivyo, mwaka wa 1996 klabu ya Manresa, mji mdogo wa Catalonia, iliilaza Barcelona 94-92 katika fainali iliyochezewa Murcia. Mchezaji bora wa mashindano alikuwa Joan Creus, aliyekuwa na umri wa miaka 39. Mnamo 2023, Unicaja ya Málaga iliiondoa Barcelona katika robo fainali, ikaiondoa Real Madrid katika nusu fainali, kisha ikaishinda Tenerife 83-80 na kulichukua kombe. Mnyonge hupata siku yake, na hilo ni jambo jema.

Basi sisemi mwondoano ufutwe. Ninachouliza ni hiki: aliyeondolewa anaenda wapi?

Wahispania wana jibu. Kwanza, hakuna anayeingia kombeni kwa bahati nasibu. Timu saba kati ya nane ni zile zilizoongoza duru ya kwanza ya ligi, baada ya kila moja kucheza michezo 17. Ya nane ni mwenyeji, ama timu inayofuata iwapo mwenyeji tayari yumo katika hizo saba. Pili, na hili ndilo kubwa, aliyeshindwa hurudi kwenye ligi yake, ambako michezo mingine inamngoja.

Tazama yaliyowapata wale walioaibishwa na Unicaja mwaka wa 2023. Mwezi wa Mei, Real Madrid ilitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuishinda Olympiacos ya Ugiriki 79-78, kwa tofauti ya pointi moja. Mwezi wa Juni, Barcelona ikawa bingwa wa ligi ya Uhispania. Lau vilabu hivyo vingalihukumiwa kwa siku moja ya Februari, dunia ingalisema vimekwisha.

Sasa turudi nyumbani. Katika shule zetu nyingi, mwanafunzi hufanya mazoezi kwa miezi, kisha hupelekwa mashindanoni, na akishindwa asubuhi anakuwa ndani ya basi la kurudi kabla ya jua kutua. Akiwa wa kidato cha nne, ndio mwisho wa yote. Sisi walimu humfariji kwa methali kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini mshindani ni mtu mwenye mchezo mwingine wa kucheza! Yule tuliyemnyima mchezo tumempa methali tupu.

Kasoro hii haikuwa ya viwanjani pekee. Tangu 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulipima miaka minane ya masomo kwa siku chache. Mtoto aliyeamka na homa siku hizo alijua maana ya mwondoano kuliko mchezaji yeyote.

Najua nitaambiwa kwamba hakuna fedha wala wakati. Sikatai kwamba karo hazitoshi na nauli zimepanda. Hata hivyo, shule nne au tano zilizo jirani zinaweza kuanzisha ligi ndogo ya Jumamosi bila kukodi hata basi moja. Kinachohitajika ni kiwanja, mpira, kipenga, na mwalimu aliye tayari kuuacha mchana wake. Wanafunzi wenyewe wanaweza kuandika matokeo na kupanga ratiba. Kisha mwondoano uje juu ya msingi huo, na atakayeondolewa arudi kwenye ligi yake.

Kuteleza si kuanguka. Laiti ningalimwambia kijana yule, "Jumamosi tuna mchezo mwingine, njoo na viatu vyako." Lakini ningalikuwa nadanganya, kwa kuwa hapakuwa na mchezo mwingine. Huo ndio mchezo ninaowaomba walimu wenzangu tuwatafutie wanafunzi wetu.