Ningu, Samaki Apandaye Mto

Sisi watu wa pwani tukitajiwa majira ya samaki, fikira zetu huenda kwenye kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu. Nguru ana wakati wake, na kila mvuvi toka Vanga mpaka Lamu aujua. Lakini kwamba yuko samaki angojaye mvua, na mto ukiingia maji mapya ya matope yeye huliacha ziwa kubwa na kuupanda mkondo kwa nguvu zake zote, hilo kwa wengi wetu ni jambo la kuhadithiwa. Nami nilihadithiwa Magunga.

Magunga ni mji mdogo wa Wasuba katika milima ya Gwassi, kusini mwa kaunti ya Homa Bay. Chini ya milima hiyo liko Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe. Wazee wa Wasuba walivuka kutoka pande za Uganda karne kadhaa zilizopita, na wengi wa wajukuu zao leo husema Kijaluo kuliko Kisuba. Ndiyo sababu majina ya samaki utakayoyasoma hapa, ndugu msomaji, ni ya Kijaluo.

Sokoni nilikuta dagaa, ambao wenyeji huwaita omena, wameanikwa mafungu mafungu. Nilimkuta mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, na ngege, ambaye kwao ni sato. Nikamwuliza mwenyeji wangu, mzee aliyekwisha pita miaka themanini, "Na ningu je, Jaduong'?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. "Mwanangu," akasema, "wewe mtu wa Mombasa, huyo umemsikia wapi?"

Wataalamu humwita Labeo victorianus. Hayupo popote duniani ila katika bonde la Ziwa Victoria na mito iingiayo humo. Si mkubwa, kwa kawaida ni shibiri moja au kupita kidogo. Mdomo wake uko upande wa chini, na midomo yake ni minene, kwani kazi yake ni kukwangua vijani na tope juu ya mawe. Ana miba mingi, lakini waliomla wakinihadithia utamu wake humeza mate kwanza.

Mvua za masika, toka Machi hadi Mei, na tena zile za vuli, ndiyo saa yake. Mito ikifura, ningu hukusanyika milangoni mwa mito hiyo, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja, na upande wa Tanzania na Uganda, Mara na Kagera, kisha wakapanda kwa makundi. Hawatafuti maji makuu. Watafuta yale yaliyomwagika kandokando na kufunika majani, maana huko ndiko jike hutaga. Vitoto navyo havina budi kurudi mtoni kabla maji hayajakauka, la sivyo huachwa nyasini.

Huko Marekani na Kanada, upande wa bahari ya Pasifiki, yuko samaki afanyaye mfano wa hayo, naye ni coho, wa ukoo wa samoni. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini kama mwaka na nusu, na yafikapo majira ya kupukutika majani hurudi mtoni, akafukia mayai katika changarawe, kisha akafa, dume na jike. Kwetu mambo ni kinyume: mkunga wa mto Tana na Sabaki hukulia mtoni, na akitaka kuzaa huteremka baharini asirudi tena. Ningu ana bahati kuliko wote wawili. Akisha kutaga hafi. Hurudi ziwani, na akijaaliwa, mvua nyingine atapanda tena.

Hapo ndipo palipo na hekima ya uvuvi wa kale, na mzee wangu alinieleza jambo hili kwa muda mrefu, akichora ardhini kwa bakora yake. Tulikuwa tumeshuka kutoka Magunga kupitia Karungu na Sori mpaka Nyatike, katika kaunti ya Migori, unakoishia mto Kuja, ule ambao Wakisii walioko juu huuita Gucha. Akanionyesha mahali palipokuwa na kek katika ujana wake. Kek ni uzio wa miti na matete uliokata mto toka ukingo huu hadi ule, na katika mianya yake huwekwa mitego ya kusuka. Nilipousikia nilijiona niko nyumbani. Ni wando wetu na madema yetu! Tofauti ni kwamba wando wetu hungoja maji kupwa mara mbili kila siku, na wao hungoja mto upwe baada ya mvua. Ulikuwa uzio wa ukoo mzima, na kila nyumba ilijua mtego wake ni upi.

Nikamwuliza, kwani uzio ukata mto mzima, samaki watapita wapi? Akacheka. "Mto ukifura, uzio haufui dafu. Maji hupita juu yake, na samaki hupita nayo. Sisi tuliwangoja wakirudi." Wakirudi, yaani, matumbo matupu, kazi ya uzazi imekwisha. Wachache walinaswa wakipanda, hakukana. Lakini walio wengi walikwisha acha mayai nyasini.

Kisha zikaja nyavu. Nyavu za kitani za kunasa, za jamii ya jarife letu, ziliingia katika ziwa hili mwaka 1905. Katika miaka ya 1950 zikafuata za nailoni, nyepesi, haziozi upesi, na mtu mmoja mwenye mtumbwi aweza kuzitega bila kuuliza ukoo. Zikatandwa milangoni mwa mito, pale pale ningu wanapokusanyika kabla ya kupanda, majike yamejaa mayai. Haikuchukua miaka mingi. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr alipoandika juu ya mto Nzoia, alieleza mambo mawili kwa pamoja: kudidimia kwa ningu, na kuchakaa kwa ufundi wa kienyeji wa kumvua. Hilo la pili ndilo lililonigusa. Nani atashona mtego wa samaki asiyekuja?

Sote tuliopita chuoni twakijua kisa cha watu wa mji wa ufuoni walioletewa samaki waziwazi siku ya Sabato, na siku nyingine wasiwaone. Wafasiri husimulia kwamba wakatega Ijumaa wakatoa Jumapili, wakidhani wamepata hila. Nilikikumbuka pale mlangoni mwa Kuja. Samaki ajileteaye mwenyewe ni mtihani mkubwa kuliko wa kutafutwa.

Si nyavu peke yake. Katika miaka ya 1950 huo huo mto Kuja ulijengewa bwawa la umeme penye maporomoko ya Gogo, na samaki hana ngazi ya kulipanda. Udongo wa mashamba ya juu wateremka kila mvua, na wachimbaji dhahabu wa pande za Macalder watumia zebaki. Mbuta naye, aliyeletwa ziwani na watu, hakumhurumia mtu. Leo shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemtia ningu katika daraja la walio hatarini sana kutoweka. Wataalamu wa Uganda walitangaza mwaka 2004 kwamba wameweza kumtagisha akiwa kifungoni, na hiyo ni kazi ya kupongezwa. Lakini ningu wa kidimbwini atawalisha watu tu. Kuupanda mto hakumhusu.

Tulirudi Sori adhuhuri, na nikabahatika. Mama mmoja alikuwa na ningu watatu katika beseni, chini ya jani la mgomba. Akaniuliza kama nataka. Nilipositasita juu ya bei, akamshika mmoja, akambinya tumbo taratibu kwa kidole gumba, na mayai yakatoka, madogo kama chembe za ulezi. "Ona, baba," akasema kwa fahari, "wote watatu wamejaa. Ndiyo maana ni ghali."