Sababu ya kutopanda Mlima Elgon peke yako

ASUBUHI isiyokuwa na mawingu, mkazi wa Naitiri katika kaunti ya Bungoma huuona Mlima Elgon ukiwa umejinyoosha upande wa kaskazini magharibi. Kwa macho, si mlima wa kutisha. Ni mpana, miteremko yake ni ya taratibu, na hauna ncha kali kama Mlima Kenya.

Huenda ndiyo sababu baadhi ya watu hudhani kwamba matembezi ya siku moja huko hayahitaji matayarisho, wala mwenzi. Dhana hiyo inaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Anayetoka Naitiri hupitia Kitale, kisha hufuata barabara ya Endebess hadi lango la Chorlim la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon. Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1968, husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Njia za karibu na lango hupita katika msitu wa miti mikubwa ya asili kuelekea mapango ya Kitum na Makingeni. Nyingine hupanda hadi kwenye mianzi na nyika za juu, chini ya kilele cha Koitobos.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni baridi. Mji wa Kitale uko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Koitobos hupita mita 4,200. Kwa kawaida, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu apandapo mita 1,000. Kwa hivyo, aliyeondoka Kitale akiwa na shati jepesi anaweza kukuta tofauti ya nyuzi 14 kileleni, mbali na upepo na mvua.

La pili ni upungufu wa hewa. Kuanzia mita 2,500 hivi, baadhi ya watu huumwa na kichwa, huhisi kichefuchefu na kuishiwa na nguvu. Ujana na afya njema si kinga. Dawa ya hakika ni kuteremka bila kukawia.

Hapa ndipo umuhimu wa mwenzi unapojitokeza. Mtu aliyezidiwa na baridi au kwa kukosa hewa ya kutosha huanza kupepesuka, kusema maneno yasiyoeleweka na kufanya maamuzi mabaya, huku mwenyewe akiamini kwamba yu mzima. Hawezi kujipima. Rafiki anayetembea kando yake ndiye atakayegundua mabadiliko hayo na kumrejesha chini. Aidha, mguu ukiteguka, mmoja hubaki na mwingine hufuata msaada, kwani simu haishiki mtandao kila mahali.

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, vidole viwili navyo vina mipaka. Mlimani mna ndovu na nyati, hivyo ni busara marafiki wawili waandamane na askari wa mbuga au mwelekezi anayezijua njia.

Mapango nayo yanataka tahadhari ya pekee. Ndovu huingia Kitum usiku kuchimba kwa pembe zao mwamba wenye chumvi, desturi ambayo imelipa pango hilo sifa duniani. Lakini mwaka 1980 mhandisi raia wa Ufaransa aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 kijana wa miaka 15 kutoka Denmark, walifariki kutokana na homa ya Marburg. Wote wawili walikuwa wamezuru Kitum muda mfupi kabla ya kuugua.

Wanasayansi wamethibitisha kwamba virusi hivyo huishi ndani ya popo wala matunda wanaolala mapangoni. Maradhi hayo yamezuka tena katika eneo hili, yakiwemo ya Kagera nchini Tanzania mwaka 2023 na 2025, na Rwanda mwaka 2024. Ni salama zaidi kulitazama pango kutoka nje. Anayeugua homa ndani ya siku 21 baada ya kuingia mapangoni anapaswa kwenda hospitalini mara moja na kumweleza daktari alikokuwa.

Mwisho ni suala la saa. Mvua ya mlimani aghalabu hunyesha alasiri. Marafiki wanaoanza safari alfajiri wakubaliane mapema saa ya kugeuka, kwa mfano saa saba mchana, na waiheshimu hata kama kilele kinaonekana mbele yao. Wamwachie mtu nyumbani habari za njia watakayofuata na wakati wa kurejea.

Miezi ya Desemba hadi Februari, ambayo kwa kawaida huwa na mvua kidogo, ndiyo inayofaa zaidi. Koitobos haihami. Aliyegeuka leo kwa sababu mwenzake ameshindwa anaweza kurudi siku nyingine, tena wakiwa wawili.