Tangazo Limeingia, Nani Kalituma?

Makuyuni ya Korogwe (si ile njia panda ya Monduli wanayopita watalii), simu ndiyo benki na ndiyo sanduku la barua. Meseji ikilia, mwenye simu hajui kama hela ya mahindi imeingia, mtoto aliyeko Dar anaomba nauli, au kampuni inamhimiza anunue kifurushi. Kwa hiyo anaifungua. Watangazaji hufurahi hapo, wakidhani kufunguliwa ndiko kupokelewa.

Mwaka 2004 Tsang, Ho na Liang walichapisha utafiti wa Taiwan ulioonyesha kuwa watumiaji wengi hawapendi matangazo ya simu, isipokuwa yale waliyoridhia kutumiwa. Kabla yao, 1996, mtafiti Ducoffe aliipima thamani ya tangazo kwa taarifa lilizobeba, burudani yake na kero yake. Kwetu mimi naongeza la nne: hofu ya kutapeliwa.

Nani asiyeijua “ile hela tuma kwenye namba hii”? Meseji hiyo hutumwa kwa watu wengi mno kwa mkupuo. Wengi wataifuta, lakini hakosekani mmoja ambaye dakika hiyo hiyo anadaiwa kodi au ada na alikuwa akingoja namba. Huyo ndiye anayewindwa. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, kosa la kidole kimoja linaweza kuondoka na hela ya msimu mzima, ndiyo maana watu wamejizoeza kumtazama mtumaji kwanza: jina la kampuni, au namba ya mtu? Ofa ya kweli ya duka la pembejeo ikija kwa namba ya kawaida, na juu yake neno “hongera”, inafutwa pamoja na ya tapeli. Sioni ujinga wa mteja hapo. Ni akili timamu, na gharama yake inamwangukia mfanyabiashara mwaminifu.

Mchukue sasa mkulima aliyejiandikisha mwenyewe kwenye mpango wa ruzuku ya mbolea ulioanza msimu wa 2022/23. Meseji yenye bei na mahali pa kuchukulia mbolea, ikifika shamba likiwa tayari, ataitunza. Kama hajui kusoma ataipeleka kwa jirani. Ikifika mahindi yakiwa ghalani, ni kero tu, hata kama imeandikwa kwa ufundi gani.

Anayetaka kuuza kwa simu aombe namba kwa mteja dukani, amweleze atamtumia nini, kisha atume mara chache kwa jina lile lile. Mteja naye ana sheria upande wake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa haki ya kudai taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Na ile meseji ya kitapeli usiishie kuifuta. Itume kwenda 15040, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iishughulikie.