Istilahi za Betri za Risasi za Viwandani

Mfasiri akabidhiwaye kijitabu cha maelekezo ya betri za foklifti, au za mitambo ya umeme wa jua, aweza kuandika sentensi fupi itakayomponza fundi: jaza betri. Je, fundi atie maji au atie umeme? Akitia maji hadi juu katika betri iliyoshuka chaji, kisha akaiunga na umeme, asidi itafurika, maana kimiminiko hupanda wakati wa kuchaji. Kwa hiyo twapendekeza kitenzi kujaza kiachiwe vimiminiko, na umeme uwe na kuchaji, neno ambalo mafundi na wenye simu wamekwisha kulipitisha bila ya kungoja kikao chochote.

Betri hizi ni za ukoo wa ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kila seli hutoa volti 2 hivi. Basi betri ya volti 24 ina seli 12, na ya volti 48 ina seli 24. Ndani ya seli mna bamba chanya, lenye dioksidi ya risasi, na bamba hasi, lenye risasi tupu iliyo kama sifongo. Vitenganishi huyazuia mabamba yasigusane, na vyote huzama katika asidi ya salfa iliyozimuliwa kwa maji. Betri itoapo umeme, mabamba yote hugeuka kidogo kidogo kuwa salfeti ya risasi na asidi hupungua ukali. Ichajiwapo, mambo hurudi yalivyokuwa. Asilikwepe mtu neno risasi kwa kuwa lakumbusha bunduki: ndilo jina la madini yenyewe, nalo tumelipata kwa Waarabu.

Betri ya kuwashia motokaa ina mabamba mengi membamba, ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache. Ya viwandani ina mabamba manene, au ya mirija, yanayovumilia kushushwa chaji sana na kupandishwa tena, siku baada ya siku, kwa miaka. Wako waiitao betri ya mzunguko wa kina. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno haimwambii msomaji lolote. Madhali watu husema chaji imeshuka, twaona yafaa kusema betri ya mshuko mkubwa. Na kushuka na kupanda mara moja kuitwe duru.

Penye gharama zaidi ni katika kueleza uwezo. (Neno ujazo tumelikataa hapa, kwani litadhaniwa ni lita.) Uwezo hupimwa kwa ampea-saa, lakini tarakimu hiyo haina maana isipotajiwa muda. Betri ya ampea-saa 500 kwa muda wa saa 5 hutoa ampea 100 kwa saa hizo 5; ikitozwa ampea 200 haitafika saa 2 na nusu, maana kadiri mkondo uzidivyo, ndivyo uwezo upunguavyo. Mjerumani Peukert aliieleza kanuni hiyo mwaka 1897. Sasa, betri za foklifti aghalabu hupimwa kwa saa 5 au 6, na za umeme wa jua kwa saa 10, 20, au hata 100. Afisa wa ugavi alinganishaye zabuni mbili, moja ya saa 10 na nyingine ya saa 100, aweza kuichagua dhaifu akiidhani yenye nguvu, na jokofu la chanjo la zahanati likazimika kabla ya alfajiri. Fomu za zabuni hazina budi kuwa na maneno uwezo kwa muda wa saa kadha.

Kuchaji nako kuna majina yake. Mkondo mkubwa hutangulia hadi kila seli ifikie volti 2.4 hivi, kisha hupunguzwa. Chaji ya kudumisha huishika betri iliyojaa isishuke. Chaji ya kusawazisha huzidishwa makusudi, mara moja moja, ili seli zilizobaki nyuma zizifikie nyenzake. Wakati huo hutoka haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Onyo la moto lisifichwe katika tanbihi.

Maji huongezwa baada ya kuchaji, nayo yawe yaliyokenekwa. Jina maji ya betri halitoshi katika maandishi rasmi, kwani msomaji aweza kudhani ni asidi.