Ini kupata makovu bila ya tone la pombe

Katika jamii zetu, iwe Zanzibar, Mombasa, Maskati au London, mtu akisikika ana ugonjwa wa ini watu huanza kunong'ona. Wako watakaosema alikuwa mnywaji wa siri, na wako watakaoogopa hata kula naye sahani moja. Mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine hajaonja pombe maisha yake yote, huona haya na kunyamaza. Kwa sababu ya ukimya huo, leo tumeonelea tulizungumze jambo hili waziwazi.

Ugonjwa tunaoukusudia ni ule wa mafuta kujaa kwenye ini. Inakadiriwa kuwa watu wazima 30 hivi katika kila 100 duniani wanao, na Mashariki ya Kati, ambako wengi wetu tunaishi, ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Kwa wenye kisukari cha ukubwani, zaidi ya nusu wanao. Mwezi wa Juni 2023 vyama vya madaktari wa ini vya Ulaya, Marekani na Amerika Kusini vilikubaliana kuubadilisha jina. Jina la zamani lilisema tu kuwa hausababishwi na pombe. Jina jipya linautaja kwa chanzo chake, yaani mwili kushindwa kutumia vyema sukari na mafuta.

Chanzo hicho kinaanzia kwenye insulini, homoni itokayo kwenye kongosho. Mtu akishakula, insulini huziamuru seli za misuli zipokee sukari, na huziamuru seli za mafuta zihifadhi mafuta yake zisiyamwage kwenye damu. Kwa mtu aliyenenepa tumboni, au ambaye ukoo wake una kisukari, seli huanza kuwa nzito kusikia. Kongosho likiona amri haitiiwi, huzidi kumimina insulini. Hali hii huitwa usugu wa insulini, na mara nyingine hujionyesha kwa ngozi kuwa nyeusi na nene kwenye shingo au kwapani.

Hapo ini hupata hasara mara mbili. Seli za mafuta zisizosikia tena humwaga mafuta kwenye damu usiku na mchana, na mengi huishia kwenye ini. Wakati huohuo ini lenyewe huigeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta mapya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, uliofanywa kwa wagonjwa wachache lakini kwa makini sana, ulikuta kuwa asilimia 59 ya mafuta ya ini yalitoka kwenye akiba ya mwili, asilimia 26 yalitengenezwa na ini, na asilimia 15 tu yalitoka moja kwa moja kwenye chakula. Ndiyo maana mtu huweza kuacha vitu vya kukaanga lakini akaendelea na soda, sharubati na chai ya vijiko vitatu vya sukari, na ini lake lisipate nafuu.

Mafuta peke yake si hatari kubwa kwa ini. Hatari ni makovu. Seli za ini zikielemewa huumia na kufa, na uvimbe huanza. Ndani ya ini kuna seli zenye umbo la nyota ambazo kwa kawaida huhifadhi vitamini A. Majeraha yakizidi, seli hizo huiacha kazi yao na kuanza kusuka nyuzi ngumu, na insulini na sukari zikiwa juu kwenye damu huzichochea zaidi. Nyuzi hizo ndizo makovu, na madaktari huyapima kuanzia 0 hadi 4. Hatua ya 4 ni sirosisi, ambapo ini hukakamaa, maji huweza kujaa tumboni, na saratani ya ini hupata njia.

Safari hiyo ni ndefu na haina maumivu. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kupanda hatua moja huchukua wastani wa miaka 14 kwa mwenye mafuta tu, na miaka 7 kwa ambaye ini lake limeshaingia uvimbe. Kwa hiyo ukiambiwa ultrasaundi imeonyesha "mafuta kidogo", usiridhike. Muulize daktari: je, makovu yameanza?

Kujibu swali hilo hakuhitaji kwanza mashine ya gharama. Ipo hesabu iitwayo FIB-4, inayotumia umri, vimeng'enya viwili vya ini, AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu. Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 55 mwenye AST 48, ALT 36 na chembe sahani 180 elfu. Hesabu yake inatoka 2.44. Chini ya 1.3 hatari ni ndogo. Juu ya 2.67 anatakiwa kuonwa na bingwa wa ini. Na aliye katikati, kama huyu, apimwe ugumu wa ini kwa kipimo kama FibroScan. Kwa aliyezidi miaka 65, kiwango cha chini ni 2.0.

Habari njema ni kwamba makovu hurudi nyuma. Nchini Cuba wagonjwa 293 walifuatiliwa kwa mwaka mmoja wa kubadili chakula na mazoezi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito au zaidi, asilimia 45 makovu yao yalipungua. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo 9. Kutembea nako kunasaidia hata mizani isiposogea, kwani misuli inayofanya kazi huchukua sukari bila ya kungoja insulini. Kahawa chungu ya wazee wetu tusiigombe, maana tafiti nyingi zimekuta wanywaji wake wana makovu machache zaidi. Halwa inayoandamana nayo ndiyo ya kupunguza.

Dawa nazo zimeanza kupatikana. Marekani iliidhinisha resmetirom mwezi Machi 2024 na semaglutide mwezi Agosti 2025, zote kwa walio kwenye hatua ya 2 na 3, kabla ya sirosisi. Mitishamba ya "kusafisha ini" haijathibitishwa kuondoa makovu, na mingine huliumiza ini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukipiga simu nyumbani wiki hii, na huko kuna mzee mwenye kisukari, muulize kama ini lake limewahi kupimwa. Nawe uliye ughaibuni, jiulize hivyohivyo.