Karatasi za Marehemu Hans Cory: Hifadhi na Mpango Wake

Katika bonde la Jangwani, Dar es Salaam, karatasi hazina maisha marefu. Mto Msimbazi ufurikapo, kama ulivyofurika Desemba 2011, maji huingia majumbani na vilivyomo masandukuni hugeuka tope. Si mbali na hapo, sokoni Kariakoo, karatasi iliyokwisha kuandikwa hufungiwa karanga. Basi mtaalamu afapo na kuwaachia daftari zake warithi wasiojua thamani yake, yapo ya kuhofiwa matatu: maji, mchwa na karanga, na hili la mwisho si dogo.

Karatasi za Hans Cory ziliokoka. Bwana huyu alizaliwa Vienna mwaka 1888, akawa mtaalamu wa sosholojia wa serikali ya Tanganyika, akafariki mwaka 1962. Karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964.

Kuzihifadhi karatasi za namna hii ni kazi ya mikono kwanza: kung'oa pini zenye kutu, kuzifunika kwa majalada yasiyo na asidi, kuandika nambari kwa penseli wala si kwa wino, na kuziweka mbali na ukuta wenye unyevu. Hayo hufundishika upesi. Kuzipanga ndiko kugumu.

Jina lenyewe ni mtego. Makala yake juu ya ngoma ya sheitani ilipigwa chapa mwaka 1936 kwa jina la Hans Koritschoner. Orodha isiyoyaunganisha majina hayo humfanya mtu mmoja kuwa wawili.

Tangu mwaka 1841 watunzaji wa Ufaransa waliamriwa kwamba karatasi zenye asili moja zisichanganywe na za asili nyingine. Baadaye ikakubaliwa pia kwamba mpango wa mwenyewe usivurugwe. Mtunzaji mgeni hutamani kupanga kwa makabila, au nyimbo huku na sheria kule, na kazi yake hupendeza macho. Lakini maneno ya mzee yaliyoandikwa kwa Kiswahili yakitengwa na rasimu ya Kiingereza iliyotokana nayo, mwanalugha hataona tena neno lilipopotoka.

Mfano ni vinyago vya udongo alivyovikusanya Cory, vilivyotumika kufundishia vijana unyagoni, na alivyovitungia kitabu mwaka 1956. Kila kinyago kina wimbo wake. Lakini vinyago vimo katika Makumbusho ya Taifa, karatasi ziko Mlimani. Kuvirudisha pamoja si lazima. Lazima ni orodha ya kila upande kutaja nambari za upande wa pili, maana kinyago bila wimbo wake ni udongo uliokauka tu.

Zaidi ya hayo, Cory alikabidhiwa kazi ya kuunganisha sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na tangazo la mwaka 1963 lililotokana na kazi hiyo liliendelea kutumiwa mahakamani kuamua mirathi ya wajane na mabinti. Atakaye kujua wazee walisema nini hasa, na mwandishi aliongeza nini, hana budi kuanza na karatasi zilizotangulia sheria, zikiwa katika mfuatano ule ule alioziacha mwenyewe.